Mupira Uliopakwa Mafuta ya Kambale

Kashikishi, nyumbani, siku ya mwisho kabla ya lori

Mwanangu Mwansa,

Utakaposoma hii utakuwa umekwisha kufika, au utakuwa bado juu ya magunia ya samaki mahali fulani baada ya Fort Rosebery, na mavumbi yamekujaa masikio. Habari zako siulizi, ninazijua: hujalala, hujala, na dereva anaongea bila kunyamaza. Mambo ya blanketi, ya kuchemsha maji, ya kutomwazima mutu shati lako, shangazi yako Chanda ameyasema tangu Jumapili mpaka nimechoka kwa niaba yako. Mimi siyarudii. Nina jambo moja tu, na nimekaa nalo tumboni miaka miwili.

Hii ni barua ya pili maishani mwangu. Masista wa Kilwa walinifundisha kuandika nilipokuwa musichana, kule ng'ambo ya ziwa, kwa hiki Kiswahili ambacho wewe na mimi tunaongea tukiwa wawili na ndugu za baba yako wanatucheka. Ya kwanza nilimwandikia baba yako. Ulikuwa na miaka minne. Alikuwa ameniletea neno kwa mutu wa lori: mukataba wa mugodi umekwisha, kifua kinamuuma, anataka kurudi kuvua. Mimi nikachukua kalamu. Nikamwambia aongeze mwaka mumoja tupate mabati, maana majirani wote wana mabati na sisi tunavujiwa. Akaongeza. Mabati yalikuja kweli, na miezi mitano baadaye likaja sanduku lake na koti lake, bila yeye. Ninaandika chini ya mabati hayohayo. Muchana huu yanachoma kweli. Toka siku ile sikushika kalamu tena, niliuogopa mukono wangu.

Na sanduku ni lilelile utakalobeba kesho. Umeniambia mara kumi kwamba mugodi wako si wa baba yako, huu uko upande wetu wa mupaka, una hospitali, una sinema Jumamosi. Sawa. Lakini shimo ni shimo, Mwansa, na mimi ndiye ninayekupeleka humo. Usianze kusema "hapana, mama". Soma kwanza.

Umekwenda kuaga kwa shangazi yako, na najua hatakuachia mpaka ule. Nina muda mpaka jua lifike kwenye matete. Basi niseme.

Unaikumbuka ile siku mwalimu Kapembwa alipowaambia darasa la sita habari ya ndege. Ulikuja mbio, ukasema maneno yote kwa mara moja mpaka nikakuamuru ukae chini upumue. Shule zote za kando ya ziwa, kuanzia Chienge mpaka kwetu, zitakutana Nchelenge kwa mashindano ya sayansi. Kila mutoto atengeneze ndege ndogo inayoruka kwa nguvu ya mupira uliosokotwa, bila moto, bila petroli. Itarushwa mara tatu, na muda wa zote tatu utajumlishwa. Itakayokaa hewani kupita zote, mwenyewe atapewa nafasi ya sekondari, na misheni itamulipia mpaka mwisho. Nafasi moja tu. Mimi nikacheka. Nikasema, kweli wazungu wamekosa kazi. Wewe hukucheka, ulikuwa umekwisha kutazama matete kwenye ukuta wa jiko langu.

Uliyakata matete yangu bila ruhusa, ukayakausha juu ya chanja la samaki. Pangaboi ya mbele, ile inayozunguka, uliichonga kwa ule muti mwepesi wa kando ya maji tunaofanyia vielea vya nyavu. Uliharibu tisa kabla ya kupata moja inayozunguka sawa. Ekseli ilikuwa spoku ya baiskeli, na pa kufungia mupira uliweka ndoana kubwa ya kambale, ile niliyokukataza kugusa tangu ukiwa mudogo. Gundi uliichemsha kwa ngozi za samaki, nyumba ikanuka mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna mutu amekufa humu ndani! Mabawa uliyavalisha karatasi nyembamba ya dukani. Mupira wenyewe ulitoka ndani ya gurudumu la baiskeli ya katekista, ukaukata kwa wembe wa baba yako, nyuzi nyembamba, zote unene mumoja. Nilikuwa nikikutazama mugongo. Ulikuwa umeinama vilevile baba yako alivyokuwa akiinama kwenye wavu.

Mwalimu alikupa kichupa cha mafuta ya mbono, yale wanayokunywesha mutu akifunga tumbo. Akasema mupira upakwe hayo, au maji ya sabuni, basi. Uliniambia na mimi. Ulisimama mulangoni, vidole vimejaa gundi, ukasema, "Mama, ile mupira usiguse. Hata ukiona inakauka, unaita mimi kwanza."

"Nani ana haja na takataka yako?" nikajibu.

Na kweli sikuwa na haja. Kwangu ulikuwa muchezo wa mutoto. Mpaka ile jioni ulipoirusha ufukweni. Ulizungusha, ukaiachia, nami nilikuwa nimechuchumaa na kisu napasua samaki. Ikapanda. Ikapita juu ya mitumbwi, ikageuka yenyewe kwa upole, wavuvi wakaacha nyavu wakasimama. Mumoja akapiga kelele kwa mushangao, "Bana mayo, ile kitu inajua njia!" Nikajikuta nahesabu. Nilifika sitini na tatu kabla haijakaa kwenye muchanga, na samaki alikuwa ameniteleza mukononi bila mimi kujua. Hapo ndipo nilipoanza kutaka. Nilikuona umevaa viatu, umebeba vitabu, unakuwa karani au mwalimu, mutu anayefanya kazi juu ya ardhi kwenye jua. Niliitaka hiyo nafasi kuliko wewe, Mwansa, na mimi kitu nikikitaka siwezi kukaa nimekunja mikono.

Wewe unajua sisi wa ziwa. Mafuta ya kambale tunapaka kila kitu. Ngozi ya ngoma ya kanisa, bawaba za mulango, makasia, kisigino kilichopasuka, midomo ya watoto miezi ya baridi. Mama yangu alinipaka mimi, nami nikakupaka wewe. Kitu kikavu kinapasuka, ukikipaka kinadumu. Nililijua hilo kabla sijajua kusali.

Siku tatu kabla ya mashindano ulikuwa shuleni. Mupira ulikuwa umetundikwa kwenye musumari, nikaona umekauka, umeanza kuwa mweupe kidogo pembeni. Kichupa cha mwalimu kilikuwa kimebaki tone. Nikawaza, huyu mutoto ataaibika mbele ya watu kwa ajili ya tone la mafuta, na mimi nina chungu kizima! Nikachovya vidole. Nikaupaka uzi kwa uzi, pole pole, ukang'aa. Kesho yake nikaupaka tena, na kesho kutwa tena. Kila mara nilifuta kwa kitambaa ili usijue. Nyumba yetu yote inanuka kambale, usingeweza kutambua. Nilifuta kwa sababu nilijua nimekatazwa. Hapo siwezi kujitetea, na sitaki unitetee.

Bon, haya. Nchelenge. Uwanja ulijaa. Wazungu wawili wameketi na saa, watoto wamepangwa kwenye mustari, kila mumoja amekumbatia ndege yake. Mara ya kwanza yako ilipita juu ya paa la shule, wale wazungu wakasimama kwenye viti. Mara ya pili ikakaa zaidi. Yule mutoto wa Chienge aliyekufuata alikuwa nyuma mbali, kila mutu alijua. Shangazi yako alikuwa amekwisha kuanza kupiga vigelegele, nikamubana mukono nikamwambia angoje. Ulihitaji tu mara ya tatu ikae hewani kiasi, hata nusu ya ile ya kwanza.

Mwalimu alishika pua ya ndege, wewe ukauvuta mupira nyuma, ukaanza kuzungusha kwa keekee uliyoazima kwa seremala. Midomo yako ilikuwa inahesabu. Sauti yenyewe ilikuwa ndogo sana, nilikuwa nimetegemea kitu kama hicho kitoe kishindo. Mupira ulikatika ndani ya mwili wa ndege, ukajipiga huku na huku, matete yakapasuka yote, na mwalimu akabaki na pangaboi mukononi. Kuna watu walicheka. Ulipiga magoti ukaokota vipande vya mupira, ukavishika karibu na uso wako, ukakaa hivyo kwa muda. Halafu ukatazama upande wetu wanawake. Mimi nikatazama ziwa.

Muzungu mumoja akauliza, mwalimu akatafsiri: kumetokea nini? Ukasimama. Ukasema, "Ni mimi njo nilikosa, mwalimu. Nilizungusha kupita kipimo."

Nilisikia. Nilikuwa karibu kabisa, hatua kumi. Ningesema neno moja tu.

Badala yake, njiani tukirudi, mbele ya shangazi yako na wanawake wote wa kwaya, nilikugombeza. Unakumbuka? Mimi nakumbuka kila neno. "Kichwa ngumu! Mwalimu si alikuambia usipitishe? Hausikie! Hausikie hata siku moja!" Nilipaza sauti, na kadiri nilivyoipaza ndivyo nilivyopata kupumua. Wanawake wakatikisa vichwa kwa kunihurumia mimi. Mimi! Wewe ulikuwa umebeba yale matete kwenye mufuko, ukasema tu, "Ndiyo, mama."

Lakini hilo si baya kuliko yote. Wiki moja baadaye mwalimu Kapembwa alikuja hapa. Nilimuwekea kiti kivulini. Akasema amefikiri sana, mupira wako haukukatika kama mupira uliozidishwa, ulikuwa umevimba, unanata, kama uliokaa kwenye mafuta ya kupikia. Akasema mafuta ya namna hiyo yanaozesha mupira. Akaniuliza kwa heshima sana, macho chini: "Mama Mwansa, hakuna mutu aliyeugusa, mutoto asijue? Ikiwa yupo, nitaandika. Pengine watakubali arushe tena."

Pengine, alisema. Hakuahidi. Lakini alikuwa na karatasi tayari mufukoni, nilimuona ameshaanza kuitoa.

Wewe ulikuwa nyuma ya nyumba unapasua kuni. Nilifikiria wanawake wa kwaya. Nilifikiria uso wa yule mwalimu, namna angenitazama, mama muzima mwenye akili zake kaharibu kazi ya mutoto kwa mafuta ya samaki. Nikasema, "Hapana, mwalimu. Nani angeugusa?"

Shoka lilinyamaza. Kisha likaanza tena. Mwalimu akairudisha karatasi, akanywa maji, akaaga. Baada ya mwezi nafasi ikaenda Chienge. Mwaka uliofuata mwalimu akahamishwa. Wewe ukaingia ziwani na wajomba zako, ukawa unarudi na mikono imekatwa na nyuzi, husomi tena, kaye zako zote, yale madaftari ya shule, nikazitumia kuwashia moto kwa sababu ulisema nizitumie. Na juzi ukaniambia umeandikishwa mugodini.

Sina mafundisho, mwanangu. Mutu aliyefanya niliyofanya hana mahali pa kusimama afundishe. Ninachoweza kukuambia ni nilivyoishi. Ile siku ya kwanza neno lilikuwa dogo, ningelitema na likaisha. Baada ya wiki lilikuwa limekua, baada ya mwaka sikuweza hata kukutazama ukila. Ulikuwa unafikiri nina hasira na wewe. Nilikuwa natafuta hasira kwa bidii, nikigombana na chumvi, na kuni, na viatu vyako mulangoni, kwa sababu nikinyamaza nilisikia lile shoka. Kwa hiyo kule, ukiharibu kitu cha mwenzako, nenda siku ileile, kabla hujafikiria watu watasema nini. Na siku moja ukimupata mutu wa kumupenda, mwachie kazi yake. Muulize, ngoja ajibu. Mimi sikuuliza baba yako anaumwa kiasi gani. Na wewe uliniomba nikuite kwanza, sikukuita.

Nilikuwa nimefika hapo, nikaweka jina langu, nikataka kukunja. Nimelikata jina. Sasa utaona mwandiko umebadilika, usishangae.

Nilikwenda kuificha barua hii ndani ya sanduku, chini ya koti la baba yako, uikute ukiwa mbali. Nikagusa kitu kigumu. Ni kopo la tumbako, umelifunga kwa kamba. Nimelifungua, Mwansa. Ndiyo, nimegusa tena kitu chako bila kukuita, unaona mimi ni mutu wa namna gani.

Ndani kuna nyuzi mbili za mupira, kila moja imefungwa karatasi ndogo yenye mwandiko wako wa shule. Moja umeandika "ya Mwalimu". Nimeivuta, imevutika, imerudi. Nyingine, kipande kilichobaki tu, umeandika "ya Mama". Hiyo nimeivuta kidogo tu, ikakatika kama ugali, ikabaki inanata vidoleni. Chini yake kuna ukurasa wa kaye, umepiga mustari katikati. Wiki ya kwanza, wiki ya pili. Wiki ya tatu: ya Mama imekatika.

Nimekaa chini. Nikausoma tena ule ukurasa tangu juu.

Basi ulichota kwenye chungu changu. Ulipaka mupira mwingine, ukangoja wiki tatu, ukaandika kila wiki kama mwalimu alivyokufundisha, ili uwe na hakika. Lakini ulijua toka pale uwanjani. Ulipovishika vile vipande karibu na uso ulikuwa unanusa. Kule uwanjani hakukuwa na nyumba yetu ya kuficha harufu. Ukanitazama, ukaniona natazama ziwa, na ndipo ukasimama ukasema ni wewe. Ulikuwa na miaka kumi na minne. Na nilipokugombeza njiani ulijua. Na shoka liliponyamaza ulikuwa unangoja niseme, sivyo? Ulinipa nafasi. Kisha ukaendelea kupasua kuni.

Nilidhani barua hii inakupa kitu. Nilijiona shujaa kidogo, sikufichi, nikifikiri utasoma, utashituka, na mwisho utajua kwamba hukukosea wewe. Kumbe sina cha kukupa. Ulikuwa nacho muda wote, umekifunga kwa kamba, unakipeleka mugodini pamoja na shati lako la Jumapili. Na mimi miaka miwili nimelala nikijiambia, angalau mutoto hajui.

Sijui utafanya nini na lile kopo kule. Nimelirudisha mahali pake, nimelifunga vilevile, ule uzi uliokatika nimeufunga na karatasi yake. Ni kazi yako, ni ya kweli, mwalimu angeipenda. Hakuna tena wa kumuonyesha. Nafasi imekwenda na mutoto wa watu anasoma, na hata nikipiga magoti leo mbele ya yeyote, kesho lori litaondoka na wewe juu yake.

Lakini barua siifichi tena. Nitakupa mukononi jioni hii ukirudi, uisome hapa, mimi nikiwepo. Kitu kimoja nakuomba. Nakujua. Utaikunja, utasema, "Haina neno, mama," kwa ile sauti yako, kisha utauliza kama kuna ugali. Usiseme hivyo. Umesema "ndiyo, mama" mara moja na imetosha kunimaliza. Nigombeze. Pasua hata sahani. Shangazi yako akisikia na asikie, nitamuita mwenyewe nimusomee. Niambie tu kwa kinywa chako kwamba nilikuvunjia, ukiwa bado chini ya mabati haya, kabla hujapanda.

Nasikia unacheka na watu huko njiani, unakuja. Nimenawa mikono kwa majivu mara mbili kabla ya kukunja karatasi hii. Ukiinusa bado utajua ni mimi.

Mama yako